Mota ya Upande wa Kulia

Duane Pawlak anajua magari. Huna haja ya kumuuliza. Pita tu mbele ya nyumba yake na mfuko wako wa mkate, atakusimamisha akueleze. Mimi nimeishi mkabala naye hapa Kellerton tangu nilipoolewa nikaletwa Michigan, na nimeelezwa mpaka masikio yameota sugu.

Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kiwandani, kwenye mstari wa milango. Gari linapokuja kwenye mstari, wapo wanaolisubiri kushoto na wapo wanaolisubiri kulia, na Duane alikuwa mtu wa kulia. Kazi yake ilikuwa kufunga mota ya kioo kwenye mlango wa mbele wa abiria, maana huku dereva hukaa kushoto. Mota, skrubu tatu, plagi, gari limepita. Mota, skrubu tatu, plagi, lingine hilo. Elimu yake ya magari iliishia hapo, lakini ukimsikia akianza na "enzi zile nilipokuwa natengeneza magari", utadhani alikuwa akiyafinyanga peke yake kwa mikono.

Tangu astaafu, hakuna fundi aliyevuka kizingiti cha nyumba yake. Jiko lao la gesi huwashwa kwa kuchokonoa na uma. Bomba la jikoni hufungwa kwa koleo, na koleo lenyewe limening'inizwa kwa kamba ya kiatu ili wageni walione. Ukibonyeza kengele ya mlangoni, taa ya chooni inazimika, na mara nyingi kuna mtu humo. Mashine ya kukatia nyasi aliifungua akaifunga, likabaki kopo zima la vyuma, naye akatangaza mtaa mzima kwamba walioiunda walikuwa wafujaji.

Mke wake, Lorene, aliyazoea hayo yote. Alichokuwa hana ni leseni. Katika nchi hii watu wanapokea kahawa, dawa na hata pesa zao za benki wakiwa wamekaa ndani ya gari, dirisha limeshushwa, na mtu mzima asiyejua kuendesha ni mtu wa kuombaomba. Kila alipotaka kujifunza, Duane alimjibu neno lile lile: "Unataka kwenda wapi ambako mimi sikupeleki?"

Mwaka huu jibu likapatikana. Alitaka kwenda Toledo, mji wa jimbo la jirani, kwa dada yake, Maxine, na huko Duane hampeleki. Maxine na Duane hawasemezani tangu Krismasi ile Maxine alipokuja na gari jipya la Kijapani akaliegesha mbele ya banda lao la gari. Kwingine watu hukosana kwa mashamba. Hapa mstaafu wa kiwanda akiona gari la kigeni uwanjani kwake, huona ametukanwa yeye na wazazi wake. Langu pia ni la Kijapani, na kila asubuhi Duane akitoka kuchukua gazeti huligeuzia mgongo.

Majira ya baridi yaliyopita figo za Maxine zilikufa. Ikawa lazima apelekwe hospitali mara tatu kwa juma akasafishwe damu kwa mashine, naye anaishi peke yake. Majirani walimpeleka kwa zamu, kisha wakaanza kuwa na udhuru. Juma moja Maxine alikosa siku mbili, akavimba miguu mpaka uso, na aliyemkuta hajitambui ni mleta barua. Lorene aliniambia habari hizo jikoni kwake, ameshika lile koleo la bomba.

"Nakwenda kukaa naye, shoga," alisema. "Nitampeleka mimi mwenyewe. Lakini lazima nipate leseni."

"Nitakupeleka Toledo hata kesho," nikamwambia.

"Kunipeleka ni siku moja. Yeye anahitaji mtu wa kila siku. Siwezi kumwacha dada yangu afe kwa kukosa dereva."

Gari alikuwa nalo. Mama yake alimwachia sedani ya bluu, kuukuu lakini nzima. Tukawa tunakwenda kwenye uwanja wa kanisa siku za kazi, pakiwa patupu, yeye kwenye usukani na mimi pembeni nikikanyaga breki ambayo haipo upande wangu. Lorene alijifunza haraka. Ana jicho la kuona mbali na hana papara. Duane alituona tukirudi akacheka, akasema labda sasa atapata dereva wa kumfuata baa. Sikumpenda siku hiyo, na wala sikuwahi kumpenda sana.

Mtihani wa kwanza ulikwama kabla ya kuanza. Hapa mtahini hukagua gari kwanza: taa, honi, breki. Kisha humwambia dereva ashushe kioo chake, atoe mkono nje, aonyeshe ishara za kukata kushoto, kukata kulia na kusimama. Lorene akabonyeza swichi. Kioo hakikutikisika. Akabonyeza tena. Ndani ya mlango kulisikika kitu kikikoroma, kisha kimya.

"Pole, mama," alisema mtahini, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua. "Kioo kisiposhuka siwezi kukutahini. Katengenezeni, mrudi juma lijalo."

Nikaendesha mimi kurudi. Tulipofika kwao alibaki garini na mkoba wake mapajani, akaniambia kwamba Maxine amepata mtu wa kumpeleka hospitali mpaka Ijumaa ijayo tu. Baada ya hapo hana mtu.

Mtihani wa pili ulipangwa Alhamisi.

Mtu yeyote mwenye akili angelipeleka lile gari gereji. Ipo moja mtaa wa pili, na nilimweleza Duane hivyo hivyo, tena kwa upole.

"Gereji?" alisema. "Jirani, unajua unaongea na nani? Mota za vioo ndiyo kazi yangu! Nimefunga mota nyingi kuliko nywele zako. Hao vijana wa gereji hata kushika bisibisi hawajui."

"Basi atahiniwe kwa gari langu."

Akanitazama kama niliyemtapikia kwenye kiatu. "Mke wangu? Apate leseni ndani ya lile kopo la Kijapani? Hapana. Nimemwambia Lorene nitakitengeneza, na nitakitengeneza."

"Na lile pikapu lako?"

"Pikapu haliendeshwi na mtu ila mimi."

Nikamgeukia Lorene nikitegemea atamjibu. Yeye akasema taratibu kwamba anataka kutahiniwa kwenye gari atakaloondoka nalo. Kisha akamtazama mume wake. "Alhamisi, Duane."

"Alhamisi," akajibu.

Jumatatu hakugusa kitu. Jumanne alipanga zana zake kwa ukubwa, akazifuta, akazipanga tena. Nikavuka barabara nikamwambia wazi kwamba anachelewesha makusudi, mke asiondoke, apate wa kumpikia. Alinyanyua spana akaitazama kwenye mwanga. "Zana chafu, kazi chafu," alisema. Nilirudi kwangu nikimtukana njia nzima kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeielewa.

Jumatano akafungua mlango wa banda. Hapa mwanamume akifungua banda lake na kuwasha redio asikilize mchezo wa besiboli, maana yake watu wakaribie. Wakakaribia wazee wa mtaa na viti vyao vya kukunja na makopo ya bia, wote wastaafu wa kiwanda kile kile. Nami nikaja na kiti changu, maana Lorene alikuwa ndani anakunja nguo na nilitaka awe na mtu wake pale nje. Miongoni mwa wazee hao alikuwemo Floyd Terpstra, mtu mpole mwenye tumbo kubwa, aliyefanya kazi mkabala kabisa na Duane, upande wa pili wa mstari.

Hili usipolielewa, mengine hutayaelewa. Kiwandani watu wa kulia na watu wa kushoto walikuwa makabila mawili. Walikula meza tofauti. Kwenye mandari ya chama cha wafanyakazi walivuta kamba kulia dhidi ya kushoto, na walioshindwa walinuniana mpaka Krismasi. Kiwanda kilishafungwa, geti lina kutu, na bado Duane hawezi kupokea ushauri kutoka kwa mtu wa kushoto. Na mlango wa dereva ni wa kushoto.

Alianza kwa kubandua ubao wa ndani wa mlango. Ubao huo hushikwa na vibanio vya plastiki, na vibanio hivyo vinataka subira. Duane aliuvuta kwa nguvu zake zote. Vikakatika kimoja baada ya kingine, pah, pah, pah, vingine vikaruka hadi kwenye bia ya mtu.

"Taratibu, Duane," alisema Floyd. "Ungeanzia chini."

"Wa kushoto wanaanzia chini," akajibu Duane. "Ndiyo maana magari yenu yalikuwa yanavuja mvua."

Wazee wakacheka. Akaingiza mkono mlangoni, akaipigapiga mota kwa mpini wa nyundo, akamwambia Floyd abonyeze swichi. Mota ikakoroma, ikashusha kioo mpaka nusu, ikatoa harufu ya kuungua, ikafa moja kwa moja. Duane akaichomoa akaiweka juu ya benchi, akatangaza kwamba mota imekufa. Sote tulikuwa tunajua hivyo tangu juma lililopita.

Akaingia kwenye pikapu, akaenda kwenye yadi ya magari chakavu nje ya mji. Kule unaingia na zana zako, unatafuta gari linalofanana na lako, unafungua mwenyewe kifaa unachotaka. Baadaye alitusimulia jinsi alivyolikuta gari la namna ile ile, na jinsi alivyoitoa mota bila hata kutazama, vidole vinakwenda vyenyewe. Alijisifu kweli kwa hilo la kutotazama. Vidole vyake vilikwenda kwenye mlango ambao vimeuzoea maisha yote, na kutoka mlango huo vikaleta mota ya upande wa kulia.

Floyd aliitambua hata haijatoka kwenye kitambaa. "Duane," alisema, "hiyo ni ya kwenu."

"Mota ni mota."

"Itaingia, sikatai. Ila itazunguka kinyume."

"Floyd, wewe kunywa bia yako."

Akaifunga. Na kwa haki nitasema, aliifunga vizuri. Mota, skrubu tatu, plagi, mkono haukusita hata mara moja. Kisha akasimama nje ya mlango, akaegemeza mkono wake dirishani juu ya kile kioo kilichobaki nusu, amevaa lile koti lake la kiwanda alilopewa alipostaafu, akatutazama wote kama mtu anayepigwa picha. Kwa mkono wa pili akabonyeza swichi ya kushusha.

Kioo kikapanda. Kikapanda kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea, kikaubana mkono wa koti juu kabisa ya fremu, na mwenye koti ndani yake. Duane akabonyeza kwa hasira ile ile swichi ya kushusha, na kioo kikazidi kubana. Mzee mmoja alicheka mpaka kiti kikakunjika naye.

"Bonyeza ya kupandisha!" Floyd alipiga kelele. "Ya kupandisha, we bwana!"

"Mimi siwezi kubonyeza ya kupandisha wakati nataka kishuke!"

Floyd akasogea akabonyeza ya kupandisha. Kioo kikashuka. Duane akautoa mkono wake, akalitazama koti, uzi umefumuka kwenye kiwiko.

"Nilikuwa napima nguvu yake," alisema.

"Nyaya ni mbili tu pale," Floyd akamwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuua zaidi. "Zibadilishane, yaishe. Nikufanyie?"

"Mtu wa kushoto hagusi mlango wangu. Na nyaya za kiwandani mimi sizikati. Kioo kinapanda? Kinapanda. Kinashuka? Kinashuka. Kazi imekwisha." Akaokota vibanio vilivyobaki, akaurudisha ubao, na pale vibanio vilipopungua akaziba kwa utepe wa kijivu wa kunata.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba mke wake kesho anakwenda kutahiniwa, kwamba dada mtu anasubiri kule na damu chafu mwilini, na yeye amemtengenezea gari la vichekesho kwa sababu ya ugomvi wa kiwanda kilichokufa. Nilimwita mpumbavu. Nadhani nilimwita mara mbili. Wazee wakatazama makopo yao.

Lorene alitoka nyumbani kwa kelele zangu. Akaja akifuta mikono, akauangalia utepe, akamwangalia Duane.

"Kinashuka?"

"Kinashuka," alisema Duane. Hakusema kinashukaje.

Floyd ndiye aliyemweleza. Lorene alisikiliza, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Akabonyeza ya kupandisha, kioo kikashuka. Akabonyeza ya kushusha, kikapanda. Akarudia, na akarudia tena, macho mbele kana kwamba yuko barabarani. Mwanamke huyu amewasha jiko kwa uma na amefunga bomba kwa koleo. Swichi inayosema uongo haikumsumbua. Sisi tuliendelea kusikiliza besiboli, na yeye aliendelea kushusha na kupandisha mpaka mkono ukazoea.

Alhamisi mtahini alikuwa yule yule, na koti lile lile. Mimi nilisimama kwenye ubaraza nimekumbatia mikoba yetu yote miwili. Nilimwona akiinama, nikasikia, "Tushushe kioo, mama." Lorene hakutazama hata chini. Kioo kikashuka laini, mkono wake ukatoka: umenyooka, umekunjwa juu, umeshushwa. Mtahini akaandika kitu, akaingia, wakaondoka. Waliporudi Lorene aliegesha katikati kabisa ya mistari, na alipofungua mlango alikuwa analia. Nikajua amefaulu, nikalia na mimi, mikoba ikaanguka.

Hakungoja Ijumaa. Mizigo ilikuwa tayari: sanduku moja, mto wake, na sufuria ya supu ya shayiri bila chumvi, maana Maxine haruhusiwi chumvi. Duane ndiye aliyeibeba yote kuiweka nyuma ya gari, akaipanga, akaitoa, akaipanga upya. Kisha akaja dirishani kwa Lorene. Kioo kilikuwa kimeshuka. Akaegemeza viwiko vyote viwili, koti lile lile na uzi wake uliofumuka, akaanza.

"Sasa sikiliza. Usipite njia kuu kabla ya mji wa Monroe, malori ni mengi. Mafuta yasishuke nusu. Ukisikia mlio kwenye gurudumu la nyuma ni kawaida, usimpe fundi yeyote, nipigie mimi. Tairi uzipime upepo asubuhi, siyo mchana, mchana zinadanganya. Na huyo dada yako usimwache aguse redio, ile ya..."

"Duane," alisema Lorene. "Chakula chako kiko kwenye jokofu. Nitarudi Maxine akipata mtu mwingine, au akiwa hanihitaji tena. Toa mikono."

Akaitoa. Lakini mdomo haukuacha. Alikuwa amefika kwenye breki, namna ya kukanyaga na namna ya kutokanyaga, wakati Lorene alipobonyeza swichi ya kushusha. Kioo kikapanda kati yao, polepole, mpaka juu. Duane aliendelea kueleza. Midomo ilikuwa ikienda na sisi tuliokuwa nje tulimsikia, lakini aliyekuwa akielezwa hakusikia tena. Lorene alinipungia mkono, akatazama nyuma, akarudi kinyumenyume barabarani bila kukosea, akaondoka.

Nilikuwa nimemwandalia Duane maneno. Nilikaa nayo tangu Jumanne, nimeyanoa. Nilitaka kumwambia kwamba amevuna alichopanda kwa miaka yote ile ya "unataka kwenda wapi". Nikamsogelea pale alipobaki amesimama katikati ya uwanja wake, mikono bado imeinuliwa kidogo, kama kuna dirisha la kuegemea.

Hakunitazama. Alikuwa akiitazama kona ya barabara ambako bluu ile ilipotelea.

"Umekiona kilivyopanda?" aliniuliza. "Hakijakwaruza hata kidogo."

Ndipo nilipokumbuka kwamba angeweza kuiacha ile mota ilivyokuwa. Alhamisi ingepita, mtahini angewarudisha tena, na Lorene angekuwa jikoni muda huu. Alijua hilo kabla yangu. Yale maneno niliyoyanoa nikayaacha.

"Nimekiona, Duane," nikamwambia. "Kimepanda vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia bandani kwake, akavuta mlango chini, na redio hakuiwasha.